Machipukizi ya Mtama

Tulitoka Karagwe na ng'ombe kumi na mmoja, tukafika Kigali na tisa. Mmoja Baba alimuuza karibu na mpaka ili tupate unga na viatu vya Mama. Mwingine, ndama wa miezi minne, alilala chini tulipokaribia Kayonza akakataa kuinuka. Tulihangaika naye asubuhi nzima. Baba alimshika mkia, mimi nikamshika masikio, Mama akammwagia maji kichwani. Mwishowe Baba akasema twende. Mama yake yule ndama alitembea siku mbili akigeuza shingo kila baada ya hatua chache, na kila akigeuka na mimi niligeuka.

Nilikuwa na miaka kumi. Ninyi wa rika langu mliorudi Rwanda kwa miguu mwaka ule vita vilipokwisha mnajua barabara ile ilivyokuwa: vumbi, magodoro juu ya vichwa, redio zilizofungwa kwa mipira, na kila mtu akiulizana na mwenzake anatafuta kilima gani. Kwenye daraja la Rusumo ng'ombe wetu waligoma kuvuka kwa sababu ya ngurumo ya maji chini yao. Baba alichukua kanga ya Mama akamfunga macho Bihogo, ng'ombe wetu mkubwa kuliko wote, mwenye rangi ya damu iliyokauka na pembe ambazo sikuweza kuzishika zote mbili kwa pamoja. Akamvuta polepole, na wengine wakamfuata. Katikati ya daraja Baba alisimama. Alikuwa amevushwa mto ule mgongoni mwa mama yake akiwa hajui hata kutembea, na sasa alikuwa na mvi. Nilimngoja aseme kitu. Alivua kofia, akaivaa tena, akaendelea kuvuta kamba.

Wengi tuliotoka nao walibaki mashariki, kwenye nyika yenye majani marefu, wakatucheka walipoona sisi tunazidi kwenda.

"Mzee, Kigali ni mji," mmoja wao alimwambia Baba. "Hao ng'ombe utawalisha lami?"

"Kilima cha baba yangu kiko Kigali," Baba akajibu.

"Kilima kipo. Na majani je?"

Baba aliwaswaga ng'ombe wakaendelea. Alikuwa amesimuliwa na babu juu ya mteremko ambao haukukauka hata kiangazi, na mtu aliyelelewa na hadithi ya namna hiyo huwezi kumzuia kwa swali.

Sikuwa nimepanga kuyaandika haya. Nimezunguka sana tangu wakati huo, kwenye malori, kwenye machimbo, kwenye maghala ya watu, na nimejizoeza kutokaa na jambo moja kichwani kwa muda mrefu. Lakini mwezi uliopita gari letu liliharibika katikati ya Singida, kwenye vijiji vya mtama. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Nilishuka kunyoosha miguu nikasimama ukingoni mwa shamba lililokwisha kuvunwa. Mabua yalikuwa yamekatwa, na kwenye kila shina palikuwa na vijani vimechipua, laini, vya kijani kikali, urefu wa kiganja. Harufu ya mabua yaliyolowa ikanipanda puani. Msichana mdogo alikuwa anapitisha mbuzi pembeni, na kila mbuzi aliyegeuza kichwa kuelekea shambani alichapwa fimbo ya pua. Nilimuuliza kwa nini anawapiga. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asiwapeleke motoni. "Watakufa, babu," akasema. Yeye alikuwa anajua. Hakuwa na zaidi ya miaka tisa.

Tulifikia Nyakabanda, mtaa wa Kigali, juu kabisa, pale nyumba zilipokuwa zinaishia na mlima ukaanza. Baba alipewa nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umevunjwa. Ndani kulikuwa na sahani tatu na kalenda ukutani. Sikuuliza ya nani. Watoto wa wakati ule tulijua mapema ni maswali gani hayaulizwi. Mama alizifuta zile sahani mara nyingi sana, akaziweka juu ya kabati, na hatukuzitumia kamwe.

Zizi tulilijenga kwa matawi ya mikaratusi nyuma ya nyumba. Asubuhi nilikuwa napitisha ng'ombe tisa wenye pembe ndefu kwenye vichochoro, katikati ya mafundi viatu na vibanda vya sabuni, na watoto wa mtaani walinifuata wakiimba, "Karagwe, Karagwe, mama yako ni ng'ombe." Likawa ndilo jina langu. Karagwe, njoo huku. Karagwe, ng'ombe wako amekula sketi ya mtu kwenye kamba. Nilikuwa naongea Kiswahili cha kwetu, wao wanachanganya na Kinyarwanda, na nikisema "ng'ombe hawa" walishika mbavu kwa kicheko, maana kwao ni "ng'ombe izi" na basi.

Chini kidogo ya nyumba yetu, kwenye mteremko, alikuwa anaishi bibi mmoja aitwaye Verediyana. Watu walimwita mukecuru, yaani bibi kizee, ingawa sasa nikipiga hesabu naona hakuwa na umri mkubwa kunizidi mimi ninayeandika. Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Watoto wake aliwataja mbele yangu mara moja tu, majina matano mfululizo, kama anayehesabu ndoo kisimani, kisha akaniuliza kama nimeshiba.

Nyuma ya nyumba alikuwa na shamba la mtama. Kwa mtama ule alipika ikigage, pombe ya mtama, na mbele ya nyumba aliweka benchi mbili ambazo jioni zilijaa watu. Alikuwa na desturi ya wauzaji wote wa heshima kule: kabla ya kukupa kibuyu, yeye mwenyewe aliinama akavuta funda moja kwa mrija, mbele ya macho yako, akameza, ndipo akakukabidhi. Kwa njia hiyo ulijua kwamba ndani hamna sumu. Sisi watoto alitupa togwa ambayo haijachacha, na hata kwa togwa alionja kwanza, kwa uzito uleule, kana kwamba na sisi ni wazee wenye maadui.

Mteja wake mkubwa alikuwa Kazungu, fundi seremala aliyekulia Bujumbura. Alikuwa na mdomo.

"Mukecuru, weye unaonja sana leo," alikuwa akimwambia. "Ukionja hivyo mpaka magharibi, sisi tutakunywa kibuyu."

"Lipa ya jana kwanza, ndiyo uhesabu midomo yangu."

"Ya jana iliniumiza kichwa. Nilipie maumivu?"

Watu walicheka, na yeye Verediyana alicheka bila kutoa sauti, mabega tu. Ndiyo ilikuwa kazi yake na ndiyo ilikuwa jamaa yake. Nasema hivi ili ieleweke alichokuwa nacho.

Kule Karagwe wachungaji wana desturi moja ambayo Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma. Kiangazi kinapokaribia kuisha, nyika inachomwa moto. Milima inakuwa myeusi, upepo unaleta majivu hadi kwenye maziwa. Kisha mvua ya kwanza inapiga, na baada ya siku chache majani yanachipua kutoka kwenye majivu, mafupi, laini. Huko ndiko ng'ombe wanapelekwa. Maziwa yanarudi, manyoya yanang'aa. "Ng'ombe mpe kitu kilichozaliwa jana," Baba alikuwa anasema. Kwetu chipukizi lilikuwa uhai. Hakuna aliyewahi kunionyesha chipukizi nikaambiwa niliogope, na kwa mtama hatukuwa na mazoea. Kwetu palikuwa na migomba na majani.

Kiangazi chetu cha kwanza Kigali kilikuwa kibaya. Mteremko wa babu ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa umelimwa, na sehemu isiyolimwa ilikuwa miti ya mikaratusi ambayo chini yake hakioti kitu. Niliwapeleka ng'ombe mbali juu ya mlima, nikawarudisha jioni na matumbo yao yameingia ndani kama mtu anayevuta pumzi. Bihogo alikuwa na mimba. Mbavu zake zilihesabika. Baba alikuwa anaamka kabla ya jua, anakwenda kuweka kiganja kwenye ubavu wake, anasimama hapo muda mrefu, na akirudi ndani hanywi chai.

Verediyana alikuwa amevuna. Alikata mabua akayaacha mashina chini. Siku moja nikapita na ng'ombe kando ya shamba nikamkuta na kopo bovu, anachota majivu na kuyanyunyiza juu ya mashina, polepole, safu kwa safu, midomo yake ikitembea. Leo najua wakulima wanaweka majivu shambani, na mtu anayeishi peke yake huongea na nafsi yake. Siku ile nilisimama nikamtazama, nikarudi nyuma hatua moja. Alipogeuka akaniona, alinyoosha kidole kwa ng'ombe.

"Weye Karagwe. Izi ng'ombe zisiingie hapa. Umesikia? Mvua ikinyesha, zikija kula hapa, zitakufa. Mimi nimesema."

"Ndiyo, nyanya," nikajibu.

Nilisikia kila neno, na kila neno nilielewa vibaya. Nilidhani ananitisha. Nilidhani anasema: zikikanyaga kwangu, nitaziua. Nikaunganisha na yale majivu na ile midomo iliyokuwa inatembea, na hadi nafika nyumbani nilikuwa na hakika kwamba bibi anayetupa togwa ana sura nyingine. Sikumwambia mtu. Mtoto akigundua jambo kubwa hivyo hulitunza, analizungushazunguka peke yake.

Mvua ikapiga. Siku ya kwanza nusu saa, siku ya tatu asubuhi nzima. Juu mlimani udongo ulibaki mwekundu. Lakini shamba la Verediyana, ndani ya juma moja, liligeuka kijani. Lilikuwa kitu pekee cha kijani katika mteremko wote, na nililiona kila niamkapo kutoka mlangoni kwetu.

Asubuhi ile Baba alikuwa amemshika Bihogo ubavu. Bila kugeuka aliniambia, "Leo tafuta machipukizi. Mvua imepiga, lazima yawepo mahali."

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kusema, yapo kwa mukecuru lakini amekataza. Sikusema, kwa sababu niliona mkono wake ulivyotulia kwenye ubavu wa yule ng'ombe, na nilitaka jioni ile auweke mkono huo hapo akute pamejaa. Hilo tu ndilo nililolitaka. Kuhusu majivu nilijiambia kwamba mvua imekwisha kuyaosha.

Verediyana alikuwa ameshuka Kimisagara sokoni. Nilimwona akishuka na kikapu kichwani, nikangoja apotee kwenye kona, kisha nikafungua njia. Sikulazimika kuwaswaga. Walikimbia. Ng'ombe waliokuwa wanaburuta miguu kwa miezi miwili walikimbia kama ndama, wakaingiza midomo kwenye yale machipukizi, na sauti ya kung'oa na kutafuna ikajaa shamba lote. Bihogo na wengine wawili wenye nguvu waliwasukuma wengine kwa pembe wakachukua safu nzuri. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nikawatazama wakila, na sijawahi tena kuwa na furaha ya aina ile.

Haikupita muda mrefu. Bihogo aliinua kichwa, akaacha kutafuna, akawa anapumua kwa haraka kama aliyepanda mlima. Nilidhani ameshiba. Kisha mate yakaanza kumtoka, mazito, yenye povu. Nikaogopa kwamba Verediyana atarudi atukute, nikawatoa shambani kwa fimbo, nikawateremsha kwenye njia inayopita mbele ya nyumba yake ili tuzunguke kurudi kwetu. Bihogo alikuwa anatembea kama mlevi. Hatua kumi kutoka kwenye zile benchi, miguu ya nyuma ikamlegea, akaketi kama mbwa, kisha akaanguka ubavu. Yule wa pili alianguka nyuma yake. Wa tatu alifika kwenye kona. Wale sita waliobaki, waliosukumwa wasile, walisimama tu wakitetemeka, na baadaye wakapona.

Nilipiga kelele nadhani, maana watu walikuja. Kazungu alifika wa kwanza akiwa na randa mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Baba akaja akikimbia, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Alipiga magoti akashika kichwa cha Bihogo, akamfungua mdomo, akaita maziwa, akaita mafuta, na Mama akaleta vyote, na vyote vikamwagika chini.

"Zimekula nini?" Kazungu akaniuliza. "Karagwe, sema, zimekula nini izi?"

Nikawaona wote wananitazama. Nikaona uso wa Baba.

"Mukecuru alisema zitakufa," nikasema.

Sikudanganya. Hata neno moja la uongo sikulitoa siku ile.

"Nani?"

"Mukecuru Verediyana. Nilimwona anamwaga majivu. Akaniambia zitakufa."

 Watu walitazama ng'ombe, wakatazama benchi, wakatazama vibuyu vilivyokuwa vimeanikwa ukutani. Wengi wao walikuwa wamekunywa kwenye vibuyu hivyo jana yake. Mwanamke mmoja alijishika tumbo.

Na ndipo Verediyana akatokea kwenye kona na kikapu chake. Aliona ng'ombe wamelala, akatua kikapu chini, akaja haraka akisema jamani, jamani, maskini. Kazungu akamzuia kwa mkono.

"Mukecuru, ngoja. Uliambia uyu mutoto ng'ombe zitakufa?"

"Nilimwambia, ndiyo. Nilisema zikikula..."

"Alisema," mtu akadakia nyuma. "Mwenyewe anakubali."

"Nilisema zikikula kwa shamba..."

Hakumaliza. Sauti zilikuwa nyingi. Neno murozi lilitoka mahali, yaani mtu anayetilia wenzake sumu, na lilipokwisha kutoka halikuwa na mwenyewe. Kila mtu alilisema. Verediyana akanitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilijificha nyuma ya Mama. Alinipata hata hivyo, akanitazama kidogo tu, kama mtu anayesoma bei ya kitu, kisha akaokota kikapu chake akaingia ndani.

Baba aliomba kisu. Alitaka kumtoa ndama tumboni mwa Bihogo kama bado yuko hai. Alimpasua hapo hapo njiani. Ndama alikuwa amekufa, mdogo, mwenye rangi ya mama yake. Kisha nikamwona Baba anapasua na tumbo la chakula, anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, anautoa umeshika kitu. Alikitazama muda mrefu. Niliona mgongo wake tu. Nilidhani ametafuta sumu ya bibi na ameipata, nikamwogopa zaidi Verediyana. Alikirudisha ndani, akaikunja ngozi juu yake, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba nyama hii isiliwe na mtu na mashimo yachimbwe sasa hivi.

Hakuna aliyempiga yule bibi. Hakuna aliyevunja kitu chake. Wakati ule watu walikuwa wamechoka na mambo ya namna hiyo. Waliacha tu kuja. Jioni ya kesho yake alipanga benchi kama kawaida, akakaa karibu na mtungi. Mpita njia mmoja asiyejua habari alisimama, na Verediyana akainama akavuta funda lake, akameza, akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Na kabla yule mtu hajakipokea, mtu mwingine akamwita kutoka ng'ambo ya njia, akaondoka. Nilikuwa naangalia kutoka zizini. Verediyana alivuta funda la pili. Nadhani alidhani yule mtu hakuona vizuri.

Alimwaga mtungi baada ya siku nne. Kisimani ndoo yake ilisukumwa nje ya mstari, taratibu, kwa mguu, na yeye akairudisha, na ikasukumwa tena. Kanisani upande wake wa benchi ulikuwa mtupu. Watoto walibuni mchezo wa kugusa ukuta wa nyumba yake na kukimbia, na mimi, Karagwe, ambaye sasa nilikuwa na heshima mtaani kwa sababu ng'ombe wangu walirogwa, nilipewa nafasi ya kugusa kwanza. Niligusa. Kabla mwaka haujaisha aliuza mabati ya paa, akahamia chini Kimisagara, kwenye chumba cha kupanga. Kazungu alinunua zile benchi mbili kwa bei ya kuni.

Baba aliuza ng'ombe sita waliobaki akafungua duka la chumvi na mafuta ya taa. Mimi nikaenda shule.

Nilikuwa sekondari, mwaka wa tatu, nilipoelewa. Mwalimu wa kilimo alikuwa kijana wa kutoka Uganda, alikuwa anatufundisha juu ya malisho, na katikati ya somo, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akasema kwamba mtama uliovunwa ukichipua tena baada ya ukame una sumu, na ng'ombe mwenye njaa akiula anaweza kufa ndani ya saa moja. Anapumua haraka. Anatoka mate. Anaanguka. Wakulima wote wanajua hilo, akasema, ni wafugaji wageni ndio wanaokosea. Kisha akafuta ubao akaendelea na mambo ya nyuki. Niliomba ruhusa nikatoka, nikakaa nyuma ya vyoo hadi kengele.

Nilipofika likizo nilimwambia Baba dukani, hakuna mteja. Nilimwambia ni wapi niliwalisha. Aliendelea kupanga vibiriti.

"Nilimpasua tumbo," akasema. "Unafikiri sikuona?"

"Ulijua?"

"Mtama naujua kwa sura. Kwamba unaua sikuwa najua. Lakini niliona ni majani tu yaliyomjaa, majani ya shamba lile, hakuna kingine."

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Ningesema nini? Nani alikuambia utafute machipukizi?" Alipanga vibiriti vingine viwili. "Ningesimama mbele ya watu niseme nimetembea wiki tatu na ng'ombe wa baba yangu, nimewafikisha, halafu nimewaua mwenyewe kwa mdomo wangu? Na wewe ukae nalo? Walikuwa wameshasema ni yule mama. Ilikuwa imeshasemwa."

Hatukuongea tena jambo lile. Alikufa miaka kadhaa baadaye nami nikiwa mbali.

Nilimaliza sekondari bila nafasi ya kuendelea. Nikapata kazi ya utingo kwenye lori la Mtanzania mmoja, mtu wa Tanga, aliyekuwa anapakua mzigo kwenye maghala ya Gikondo, upande wa pili wa Kigali. Tulikubaliana tuondoke siku ya Alhamisi. Asubuhi ya siku hiyo, nguo zangu zikiwa kwenye mfuko wa plastiki, nilishuka Kimisagara kumtafuta Verediyana.

Alikuwa nyuma ya karakana ya mafundi wa kuchomea vyuma, ameketi kwenye kigoda, anapima makaa kwenye makopo ya rangi. Sasa alikuwa bibi kizee kweli. Mikono ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani.

"Karagwe," akasema. "Umekuwa murefu."

Nilichuchumaa nikamwambia yote. Shamba, kikapu chake, jiwe nililokaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa majuma mengi na yaliisha haraka sana. Yeye alikuwa anapiga makopo chini ili makaa yashuke, anaongeza, anapiga tena.

"Hayo nayajua," akasema. "Ile siku jioni nilienda kwa shamba. Mavi ya ng'ombe ilikuwa pale, na mimea imekatwa. Nilijua mbele weye hujajua."

"Na hukuwaambia?"

"Nilienda kwa Kazungu. Nilienda kwa padri. Nilienda kwa baba yako." Alinitazama. "Baba yako alinipa chai. Hakusema kitu."

Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Weye ulikuwa mutoto. Iyo ilishaisha." Alijifuta mkono kwenye kitenge, ukabaki mweusi vilevile. "Lakini weye unaniambia mimi. Mimi najua. Kwa nini unaniambia mimi?"

Nilimsogezea kopo lililofuata.

"Jumapili misa ikitoka, Kazungu na wale wengine wanakaa kwa benchi yangu, kule juu kwa duka ya baba yako. Wako palepale bado. Weye uende usimame, useme vile umesema hapa. Hivyo hivyo. Wasikie kwa mutu ya ng'ombe mwenyewe. Mimi nitakuja nisimame nyuma, sitasema kitu." Akapiga kopo chini. "Ningependa kuzikwa kule juu. Na watu."

"Nitakuja Jumapili," nikasema.

"Iko sawa," akasema, akarudi kwenye makopo yake. Nilipofika kwenye kona niligeuka nikamwona anajaribu kujiondoa makaa kwenye kucha kwa kijiti, kwa bidii, kama mtu mwenye miadi.

Nilikwenda hadi Gikondo kwa miguu. Nilikuwa najiambia kwamba lori litaniacha, na kwamba hilo litakuwa jambo zuri, litanikatia shauri. Nilimkuta dereva wangu amelala chini ya lori kwenye kivuli, shati liko wazi.

"Karatasi zimekwama," akaniambia. "Mimi hapa mpaka Jumatatu, wallahi. Kama una shughuli zako mjini nenda kamalize." Kisha akainua kiwiko akaonyesha lori lingine lililokuwa linawasha injini karibu na geti. "Au kama una haraka, yule mwenzangu anatoka sasa hivi, na utingo wake kamkimbia. Tutakutana Singida. Mimi sijali. Chagua mwenyewe."

Ilikuwa Alhamisi, haijafika saa saba mchana. Nilikuwa na Ijumaa, na Jumamosi, na Jumapili nzima.

Nikauchukua mfuko wangu nikalikimbilia lile lori la karibu na geti.